Magari yanaongezeka Kusini: tuzungumze lita, moshi na barabara yetu ya Dar

Mwanamikindani (mwanzisha uzi):

Wakuu, habari za muda huu, hasa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mlioko nyumbani na mlioko mbali.

Nyuzi za kununua magari zimejaa humu. Huyu anauliza IST au Passo, yule anauliza Noah inakula kiasi gani, mwingine spea za Alphard. Ni maswali ya haki na majibu huwa mazuri. Sijaona bado uzi unaouliza lile wese likishaungua linakwenda wapi, na linaturudia vipi sisi watu wa pwani ya kusini. Nimeona nianzishe.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Sipingi mtu wa Mtwara kumiliki gari. Aliyewahi kuhangaika usiku kumtoa mgonjwa Naliendele hadi hospitali ya Ligula hahitaji kuhubiriwa kuhusu faida ya gari. Ninachosema ni kwamba miji yetu bado midogo, barabara zetu nyingi ndiyo kwanza zinapata lami, na miaka hii ndiyo itaamua kama Kusini itakuwa mahali ambapo bila gari binafsi huendi popote, au mahali ambapo basi, meli na treni vinabeba mzigo mkubwa na gari linabaki kwa safari zinazolihitaji kweli. Hiyo ya kwanza ikishajengeka, kuivunja ni kazi ya vizazi. Dar inatuonyesha kila siku.

Tuanze na lita moja.

Lita ya petroli ina uzito wa kama gramu 740. Ikiungua inatoa hewa ukaa ya kilo 2.3. Wengi wakisikia hapo hukataa: kitu kisichofika kilo kinatoaje kilo mbili na ushei? Jibu liko kwenye kuungua kwenyewe. Petroli karibu yote ni kaboni na haidrojeni. Ndani ya injini kila chembe ya kaboni inajishikiza na chembe mbili za oksijeni kutoka kwenye hewa iliyovutwa, na chembe ya oksijeni ni nzito kuliko ya kaboni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito huo haikutoka kwenye tangi lako, imetoka hewani. Dizeli imebeba kaboni nyingi zaidi kwa lita, nayo hutoa kama kilo 2.7.

Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Moshi mweusi unaouona nyuma ya lori ni masizi, nayo ni balaa lake. Gari lililofanyiwa servisi vizuri, lisilotoa hata uzi wa moshi, bado linatoa zile kilo 2.3 kwa kila lita. Hakuna kifaa kinachofungwa kwenye ekzosi za magari yetu kikaizuia hewa ukaa. Ukitaka ipungue, choma lita chache. Na ikishatoka, sehemu yake hukaa angani kwa mamia ya miaka.

Sasa mchukue mtu mwenye gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita, anatembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Hiyo ni lita 1,000, sawa na tani 2.3 za hewa ukaa. Ukijumlisha hewa ukaa yote ya mafuta, makaa ya mawe na gesi nchi nzima ukaigawa kwa idadi yetu, Mtanzania mmoja anapata kama robo tani kwa mwaka. Yaani gari dogo moja linatoa sawa na Watanzania tisa hivi. Mmarekani mmoja kwa wastani anatoa kama tani 14. Naomba namba hizi zikae pamoja kichwani. Ya Marekani inaonyesha tatizo hili limeletwa na nani. Ya gari dogo inaonyesha pengo lililopo hapa hapa kwetu, kati ya mwenye gari na mama anayetoka Ufukoni kwa mguu kwenda sokoni.

Kidunia, jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, IPCC, kwenye ripoti yake ya 2022 lilionyesha kuwa mwaka 2019 usafiri ulitoa asilimia 23 ya hewa ukaa inayotokana na nishati. Katika moshi huo wa usafiri, vyombo vya barabarani vilitoa asilimia 70. Ndege asilimia 12, meli 11, reli 1. Hiyo moja ya reli naomba muishike, nitaihitaji mbele.

Inaturudia vipi? Kabla ya enzi za viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, kama 280 zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 ulitangazwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuwa wenye joto kuliko yote iliyowahi kupimwa. Hewa ikipanda joto kwa digrii moja inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo lazima ushuke mahali. Bahari ya Hindi ikipata joto, vimbunga navyo vinapata nguvu ya ziada.

Sisemi vimbunga vililetwa na magari. Wazee wa Lindi wanakumbuka kimbunga cha Aprili 1952, wakati huo magari ya mkoa mzima yalikuwa ya kuhesabika. Lakini tazameni tulivyoandamwa karibuni. Aprili 2019 Kenneth kilitupita kwa karibu mno, tukatahadharishwa tuondoke mabondeni, kikaenda kuwaangukia jirani zetu wa Cabo Delgado. Januari 2020 Kilwa ikazama na watu wakafa. Mei 2024 kikaja Hidaya na mvua zake, barabara ikakatika pale Somanga. Aliyetaka kwenda Dar kwa gari ilibidi azungukie Masasi, Tunduru na Songea.

Hilo la Somanga ndilo linaloniuma. Barabara tunayoitegemea kwa mchele, dawa, saruji na abiria ndiyo inayokatwa na mvua zinazoongezewa uzito na mafuta yanayochomwa barabarani, yetu kidogo na ya wenzetu wa mbali mengi zaidi. Tulisubiri barabara ile miaka na miaka. Daraja la Mkapa la mto Rufiji lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo ilikuwa pantoni pale Ndundu, na kipande cha Ndundu hadi Somanga kikawa cha mwisho kupata lami.

Karibuni tujadili.


DerevaMasafa:

Mkuu umeandika vizuri, lakini mimi hapa umenipa shida. Afrika nzima tunatoa asilimia ngapi ya huo moshi? Tatu, nne. Wenzetu wamechoma mafuta miaka mia na ushei, wamejenga kila kitu, leo mtu wa Tandahimba akipata kagari kake ka kwanza anaambiwa anaharibu dunia. Na hayo magari yenyewe wametuuzia wao wakishayachoka. Mimi nalisha familia kwa dizeli. Nikipaki lori, hiyo hewa itapoa?


Mwanamikindani:

Kaka DerevaMasafa, haitapoa. Asilimia ulizotaja ndizo, na hoja ya haki iko upande wako. Sina neno la kumlaumu mtu wa Tandahimba.

Kwenye magari yaliyochokwa umegusa jambo kubwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyotoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na mengi mno yakaishia nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu kuna kodi ya uchakavu kwa magari yaliyozidi miaka 8, lakini bei ya kuanzia ya gari la zamani iko chini kiasi kwamba mnunuzi bado analifuata. Hata hivyo gari kuukuu lisihukumiwe kwa umri peke yake. Kutengeneza gari jipya kiwandani kunatoa tani kadhaa za hewa ukaa kabla halijagusa barabara. Gari dogo la miaka 15 linalokula kidogo ni afadhali kuliko dude jipya la injini kubwa linalombeba mtu mmoja kwenda ofisini Shangani.

Ninachokataa ni kumalizia hapo kwenye asilimia tatu au nne tukakaa kimya. Yale mafuta hatuyachimbi sisi, tunayanunua nje kwa dola. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikitangaza bei mpya kila mwezi, sisi wa mafuta yanayoshushwa Bandari ya Mtwara tunasikia maumivu kama wengine. Mji uliopangwa vibaya unamlazimisha maskini kununua wese asiloliweza. Kwa hiyo hata tukiiweka tabianchi kando kwa muda, bado inatupasa kuuliza kwa nini safari zetu zinahitaji lita nyingi hivi.


Binti wa Nachingwea:

Asante kwa uzi. Naomba hesabu ya kawaida kabisa, mimi siyo mtu wa sayansi. Mtwara mpaka Dar: nikienda na basi, na nikienda na gari yangu, tofauti ni kubwa kweli au ni maneno ya makaratasi?


Mwanamikindani:

Dada, tofauti ni kubwa na unaweza kuipiga mwenyewe kwenye simu.

Safari ni kama kilomita 560. Tuseme basi linakwenda kilomita 3 kwa lita ya dizeli. Hizo ni lita 187, kilo 500 hivi za hewa ukaa. Likiwa na abiria 50, kila mmoja kilo 10.

Gari dogo barabara kuu tulipe kilomita 14 kwa lita. Lita 40, kilo 92. Ukiwa peke yako zote ni zako. Mkiwa wanne, kila mmoja 23. Noah ya kilomita 10 kwa lita ikiwa na watu saba, kila mmoja 18. Lile gari kubwa la msafara la dizeli, kilomita 8 kwa lita, likimbeba dereva na bosi mmoja: kilo 189 kwa watu wawili, na dereva hakuwa na shida zake Dar.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza gari gani, tuulize ndani yamo wangapi. Gari dogo la mtu mmoja linazidi basi mara tisa. Likijaa, pengo linapungua sana. Ndiyo maana ukiniuliza kitu gani kingeokoa hewa na pesa kwa haraka huku kwetu, nitakwambia basi zuri linaloondoka kwa wakati na lisilomtisha abiria kwa mwendo. Mtu hanunui gari kwa sababu anachukia basi. Ananunua kwa sababu alisimamishwa njiani masaa, au dereva aliovateki kwenye kona akaona kifo. Usalama wa basi ni suala la tabianchi pia, na sijui kwa nini hatulisemi hivyo.


Fundi wa Ligula:

Naongezea ya gereji. Mambo matatu napambana nayo kila wiki.

Kwanza masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Mtu anakuja gari haivuti, anaambiwa na rafiki yake ang'oe masega akauze. Jamani, masega yanageuza hewa za sumu zipungue madhara, zile zinazoua kwenye chumba kilichofungwa na zinazochoma vifua vya watoto. Ukiyang'oa hupunguzi mafuta kwa maana yoyote ya kueleweka, unawapulizia jirani zako. Mara nyingi tatizo ni plagi au sensa ya oksijeni.

Pili upepo wa tairi. Tairi lililolegea linaongeza ulaji. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi.

Tatu mwendo. Upinzani wa hewa unapanda kwa haraka kuliko mwendo wenyewe. Aliyetoka Nangurukuru na 80 na aliyetoka na 120 hawatumii mafuta sawa hata kama gari ni moja. Na keria la juu lililo tupu nalo linakula.


DerevaMasafa:

Fundi umesema kweli kwenye mwendo. Lori likiwa na mzigo, mguu ndio mafuta.


Mzee wa Korosho:

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mkulima, si mtu wa magari, ila hili linanihusu.

Mkorosho unatoa maua kiangazi, kuanzia Juni kwenda mbele. Unataka ukavu. Ikija mvua isiyo ya msimu au ukungu mzito, ugonjwa wa ubwiri unga unashika maua, utapuliza salfa mpaka uchoke. Halafu Oktoba na Novemba tunaokota, ikinyesha mapema korosho zinaloa na daraja linashuka ghalani. Zamani tulijua kaskazi inaingia lini na kusi lini. Siku hizi tunakisia. Sasa mnaniambia hilo linahusiana na moshi wa magari ya nchi nyingine, nami nashindwa kumdai mtu.

Jambo la pili. Mnaongea treni kama ndoto. Treni ilikuwepo huku. Nachingwea ilikuwa na reli mpaka baharini. Waingereza waliijenga baada ya Vita vya Pili kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Karanga zikawashinda, reli ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Bandari ya Mtwara nayo ilizaliwa na mradi huo huo.


Mwanamikindani:

Shikamoo mzee wangu. Umenifikisha pale nilipotaka kufika, na umefika kwa njia bora kuliko yangu.

Kwenye korosho niseme kwa uangalifu: msimu mmoja mbaya hauwezi kuuhusisha moja kwa moja na ekzosi ya mtu fulani. Joto likipanda ndipo misimu ya kubahatisha inaongezeka, na mkulima anayetegemea tarehe za mvua ndiye anaumia wa kwanza. Kudai kupo, mzee. Nchi zetu zinadai kwenye mikutano ya tabianchi ya kila mwaka, na mwaka 2022 kule Sharm el-Sheikh zilikubaliwa kuundiwa mfuko wa hasara na uharibifu. Mfuko umeundwa, fedha zilizoingia ni kidogo mno ukilinganisha na madhara.

Sasa reli. Kumbukeni ile asilimia 1 kwenye ripoti ya IPCC. Sehemu ya sababu ni ya kifizikia. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei. Tairi la lori linabonyea kila linapozunguka, na nguvu inayopotea hapo inageuka joto. Gusa tairi la lori lililotoka Tunduru kwa mwendo mmoja utaelewa. Halafu treni moja inapasua hewa mara moja kwa ajili ya mabehewa yote, wakati malori hamsini yanapasua hewa mara hamsini.

Twende kwenye barabara yetu ya Songea hadi Mtwara, ambako makaa ya mawe ya Ruvuma yanaletwa bandarini. Ni zaidi ya kilomita 600. Lori la tani 30 tulipe kilomita 2 kwa lita likiwa na mzigo: lita 300. Likirudi tupu, kilomita 3 kwa lita: lita 200. Jumla lita 500, karibu tani 1.35 za hewa ukaa kwa mzunguko mmoja. Zidisheni kwa foleni mnayoiona Masasi. Bado hatujahesabu lami inayopasuka, ambayo ukarabati wake nao unataka mitambo ya dizeli, wala bodaboda wanaogongwa.

(Niseme na hili hata kama linachoma: tani 30 za makaa hayo zikichomwa huko zinakokwenda zinatoa zaidi ya tani 60 za hewa ukaa. Moshi wa lori ni mdogo mbele ya mzigo lilioubeba. Mjadala wa makaa unastahili uzi wake, lakini nisingependa mtu aseme nimeuficha.)

Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, imekaa kwenye mipango ya serikali miaka mingi. Treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma ilipoanza 2024, abiria waliihamia bila kuhubiriwa habari za hewa ukaa hata siku moja. Walihama kwa sababu ilikuwa ya haraka na ya uhakika.

Mfano mwingine uko mikononi mwetu tayari, nao ni korosho. Zinakwenda India na Vietnam. Zilipokuwa zinapakiwa kwenye malori kwenda Dar ndipo zipande meli, kila tani 30 ilichoma kama lita 280 za dizeli kwa kilomita ambazo hazikuwa na sababu yoyote, maana meli inaweza kufika Mtwara. Tani 10,000 ni malori zaidi ya 330, na kwa njia ya kwenda tu ni kama tani 250 za hewa ukaa. Kuamua korosho za Kusini zipitie Bandari ya Mtwara kunapunguza safari hizo. Huo ni uamuzi wa biashara na ni uamuzi wa tabianchi kwa pamoja, na nauunga mkono kwa moyo wote.


DerevaMasafa:

Mkuu ukileta treni sisi madereva tunakwenda wapi?


Mwanamikindani:

Swali la haki kuliko yote kwenye uzi huu. Treni haifiki ghalani Nanyumbu wala kijijini Liwale. Mzigo utahitaji lori kutoka shambani hadi stesheni, na kutoka stesheni hadi dukani. Zitakuwa safari fupi, unalala nyumbani. Lakini sitakudanganya kuwa idadi ya madereva wa masafa marefu itabaki ile ile. Ndiyo maana mpango wa reli usijadiliwe bila nyinyi mezani tangu mwanzo.


Mama Mchinga:

Nami nina dukuduku. Gesi inatoka Mnazi Bay kwetu Mtwara na Songo Songo kwetu Kilwa. Bomba kubwa la kutoka Mtwara limekamilika 2015, nalo linaipeleka Dar. Leo bajaji za Dar zinatembelea gesi, mwenye bajaji anasema gharama imeshuka, na sisi tulio juu ya gesi yenyewe tunapanga foleni sheli kununua petroli ya kutoka ng'ambo. Watu wa Mtwara walipinga gesi hii isipelekwe Dar mwaka 2013 na mnakumbuka ilivyokuwa. Kwa nini tusianze na hilo kabla ya kuongelea mengine? Na je, hiyo gesi ni safi kama wanavyosema?


Mwanamikindani:

Dada yangu, dukuduku lako ni la wengi na sina cha kulipunguza. Mkoa unaotoa gesi kuwa nyuma kwenye kuitumia barabarani ni jambo la kusemwa kila mkutano mpaka lisikike.

Kuhusu usafi. Kwa nishati ile ile, gari la gesi asilia linatoa hewa ukaa pungufu kwa kama robo au moja ya tano kuliko la petroli, na masizi karibu hayapo. Hiyo ni nafuu ya kweli, hasa kwa bajaji, daladala na malori ya saruji yanayorudi kituo kile kile kila siku. Ila gesi asilia yenyewe ni methani, na methani ikivuja bila kuungua inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ukipima kwa miaka 20. Kwa hiyo valvu inayovuja au mtungi uliofungwa na fundi wa kubahatisha unaweza kula faida yote, achilia mbali hatari ya mlipuko. Gesi ni hatua ya kupitia. Tuidai, tuitumie vizuri, tusijenge kila kitu juu yake kana kwamba ndiyo mwisho wa safari.


Kijana wa Chuno:

Na umeme? Kuna jamaa Dar wanaendesha pikipiki za umeme. Umeme wetu huku si wa gesi hiyo hiyo? Inasaidia nini?


Mwanamikindani:

Inasaidia, mdogo wangu, ila kwa kiasi. Injini ya petroli inapoteza zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya mafuta kama joto. Mota ya umeme inatumia karibu yote inayopewa. Ukichoma gesi kwenye mtambo mmoja mkubwa kisha ukachaji pikipiki, bado unatoka mbele kidogo. Umeme wa maji kutoka Bwawa la Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ukifika huku kwa uhakika, faida inakuwa kubwa sana. Ningeanza na bodaboda na bajaji, betri zao ni ndogo na safari fupi. Gari la umeme la kwenda Dar, bila vituo vya kuchaji Nangurukuru au Kibiti, bado si la kumshauri mtu.


Mama Mchinga:

Basi tupe kitu cha kusema. Diwani akiitisha mkutano tuseme nini? Maana "mabadiliko ya tabianchi" ukitamka pale watu wanaangalia saa.


Mwanamikindani:

Usilitamke. Sema daladala za Mikindani na Naliendele ziwe na ratiba na zitembee mpaka usiku, ili muuguzi anayetoka zamu asikodi bajaji. Sema barabara mpya ya mtaa isikabidhiwe bila njia ya waenda kwa miguu yenye kivuli, maana jua la Mtwara ndilo linalomfanya mtu apande bodaboda kwa umbali wa dakika kumi. Wanafunzi wetu na wauza samaki wengi wanatembea au wanaendesha baiskeli, na hao ndio wasafiri wasiotoa moshi kabisa, lakini ndio tunaowasukumia kwenye mchanga wa pembeni. Ulizia shule, zahanati na soko vinajengwa wapi. Halmashauri ikipeleka soko nje ya mji kilomita 8, imewanunulia watu wote wa mji huo petroli ya miaka 30 kwa pesa za watu wenyewe.

Na madaraja na makaravati ya njia ya Dar yajengwe kwa mvua zinazokuja. Vipimo vya mvua za miaka ya sabini havitoshi tena.


Mzee wa Korosho:

Hilo la soko ni kweli tupu. Nimeliona likitokea.


Binti wa Nachingwea:

Nimeelewa sana. Sasa nijibu langu. Nimejichanga, nataka gari ya kwanza. Nafundisha, nyumbani na kazini ni mbali, njia ya vumbi, bodaboda wakati wa masika ni hatari na nina mtoto mdogo. Nisinunue?


Mwanamikindani:

Nunua, dada. Safari yako ni ile hasa ambayo gari linatakiwa lifanye.

Chukua dogo, injini ya cc 1,000 hadi 1,300, usishawishike na la cc 2,400 kwa sababu ya mwonekano. Angalia urefu wake kutoka chini kwa ajili ya matuta na mashimo. Fundi wa Ligula akukagulie masega yapo kabla hujalipa. Walimu wenzako wa njia hiyo wapakie, mchangie mafuta, mkiwa wanne mmeshaondoa bodaboda tatu njiani. Ukienda Dar, panda basi, liache gari nyumbani.

Ukishalipata, jaza tangi, andika kilomita, jaza tena baada ya wiki mbili, kisha utuletee hapa linakula kiasi gani kwa njia ya vumbi. Namba zangu za juu ni za lami, na wengi wetu Kusini bado tunaendesha kwenye vumbi.


Binti wa Nachingwea:

Sawa kaka. Nitaleta.


Fundi wa Ligula:

Akija Mtwara aniandikie humu siku moja kabla, nitamkagulia.